TAHADHARI: "Nano ya miaka mitano" inayouzwa kwenye maegesho, usiruhusu iguse boneti yako

Kwa wenye magari wa Dar es Salaam, hasa wanaoegesha nje ya masoko, benki na hospitali: akikujia mtu ameshika kitambaa, selotepu ya karatasi na chupa ya kupuliza, akasema "bosi, dakika mbili tu, nakuonyesha bure", mkatalie kabla hajagusa gari. Anachouza anakiita nano, seramiki au kioo cha maji. Anaahidi kufuta mikwaruzo yote na kulinda rangi miaka mitano. Hakuna dawa ya kupaka kwa dakika mbili inayofanya mambo hayo, na baadhi ya hizi zinakula rangi kiasi kwamba suluhisho linabaki kupiga rangi upya.

Maonyesho yake ni manne. Tunayachambua moja moja kwa sababu ndiyo yanayowalegeza watu.

Kwanza anabandika selotepu katikati ya boneti, anapaka upande mmoja, anafuta, anabandua. Upande ule unang'aa na mikwaruzo haionekani. Mara nyingi kilichomo ni mafuta tu: ya silikoni, au mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa yaliyotiwa manukato. Mkwaruzo mwepesi huonekana mweupe kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga. Mafuta yakijaa humo, mwanga unapita bila kutawanyika na jicho halioni kitu, kama vile jiwe linavyokolea rangi likilowa. Osha gari mara mbili kwa shampuu, mkwaruzo utaukuta palepale.

Kisha anamwaga maji, yanajikusanya kuwa matone na kuteleza. Hata mafuta ya alizeti yangefanya hivyo. Matone yanakuambia kuwa juu ya rangi kuna kitu kinachokataa maji, basi. Hayakuambii ni kitu gani wala kitakaa siku ngapi.

La tatu ni moto: anamwagia kimiminika cha kiberiti cha gesi au spiriti, anawasha, moto unazima, rangi nzima. Watu wanashangaa hapo, lakini kinachoungua ni mvuke ulio juu ya kimiminika. Kimiminika chenyewe kinabaki na ubaridi kwa sababu kinavukizwa, na bati la boneti linavuta joto haraka. Rangi isiyopakwa chochote nayo ingepona kwa sekunde hizo. Kwenye bampa la plastiki habari ni nyingine, na kuwasha moto juu ya gari lenye mafuta kwenye tangi ni hatari kwa kila aliye karibu.

Mwisho anaburuta sarafu au ufunguo na kutamka "9H". Sarafu inateleza kwa sababu pamelainishwa mafuta, na yeye ndiye anayeamua akandamize kiasi gani. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli: penseli za ugumu tofauti, kuanzia laini za B hadi ngumu za H, husukumwa juu ya rangi kwa pembe ya nyuzi 45 chini ya uzito wa gramu 750. 9H maana yake penseli ngumu kuliko zote katika seti haikuacha alama. Mchanga ulionasa kwenye kitambaa ni mgumu kuliko penseli yoyote, na huo ndio unaokwaruza magari yetu kila siku.

Chupa ya mafuta inaumiza mfuko wako zaidi kuliko inavyoumiza gari. Cha kuogopwa ni kundi la pili, wanaokuja na dawa nzito ya kufuta mikwaruzo na mashine. Ile ni dawa ya kusugua yenye chembe ngumu, inayofanya kazi kama msasa laini. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia primer (rangi ya msingi) hadi juu, huwa takriban mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ni mikroni 35 hadi 50 tu, nyembamba kuliko karatasi ya kuchapishia. Ndani ya klia ndimo ilimo kinga dhidi ya mionzi ya jua. Kila msuguo mzito unapunguza mikroni kadhaa, na hazirudi.

Wengi wao hawana mashine ya polishi. Wanafunga sponji au manyoya kwenye grinda ya kukatia chuma. Mashine halisi ya polishi ya kuzunguka huenda mizunguko kati ya 600 na 3,000 kwa dakika; grinda ndogo inafika 11,000. Joto linapanda kwa sekunde chache, klia inaungua, hasa kwenye kingo za boneti, mistari ya milango na pembe za bampa ambako klia ni nyembamba zaidi. Siku ile gari litang'aa. Baada ya miezi kadhaa juani, paa na boneti vinaanza mabaka meupe na klia inababuka kama ngozi iliyoungua.

Angalia kitambaa chake wakati anasugua. Gari lenye klia haliachi rangi yake kwenye kitambaa cheupe. Gari jekundu likiacha wekundu, klia imekwisha hapo, mzuie papo hapo. Atakuambia "huo ni uchafu tu". Uchafu hauna rangi ya gari lako. (Rangi za zamani zisizo na klia huacha rangi kwa kawaida, ila magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani yana klia.)

Kama umeshapakwa na hujui ulipakwa nini, nunua isopropili (pombe ya kusafishia) ya asilimia 70 kwenye duka la dawa, changanya nusu kwa nusu na maji safi. Gari liwe kivulini, bati likiwa baridi. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, futa eneo la ukubwa wa kiganja mara mbili au tatu, kisha mulika kwa tochi ya simu kwa pembe. Mikwaruzo ikirudi, ulipakwa mafuta. Mng'ao ukipungua kidogo tu usihukumu kwa hilo, maana pombe hiyo hudhoofisha hata nta nzuri. Usijaribu hivi kwenye rangi iliyopigwa wiki chache zilizopita.

Seramiki ya kweli, yaani dawa ya maji inayokauka na kuwa tabaka gumu juu ya rangi, ipo. Huja kwenye vichupa vya mililita 30 au 50. Gari huoshwa, husafishwa kwa udongo maalumu unaotoa chembe zilizonasa, hupigwa polishi, hufutwa mafuta yote, ndipo dawa inapakwa kwa vipande vya kama sentimita 50 kwa 50 na kufutwa kabla haijakauka. Halafu gari hukaa bila kuloweshwa angalau saa 12, na shampuu husubiri wiki. Kazi hiyo inakula siku nzima au zaidi, ndani ya jengo. Haifanyiki ukiwa umeingia benki.

Sisi wengi tunaita kila kitu polishi, na muuzaji anajificha hapo. Polishi inasugua: inaondoa mikwaruzo kwa kupunguza klia, inatosha mara moja kwa mwaka, au hata kukaa zaidi ya mwaka bila kuipiga. Nta inafunika tu, haiondoi mkwaruzo. Kopo linalosema ni nta ya carnauba asilimia 100 linakudanganya: nta hiyo, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, ikiwa tupu ni ngumu na inavunjika kama kigae, haipakiki kwa mkono mpaka ichanganywe na viyeyushi na nta nyingine. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 65, na boneti jeusi la Dar saa saba mchana linaweza kupita hapo.

Kwa gari linalolala nje, kinga ya kutengenezwa kiwandani ya polima ina faida kuliko carnauba: hukaa miezi mitatu hadi sita, wakati carnauba kwenye jua letu ni wiki nne hadi nane. Mililita 20 hadi 30 zinatosha gari dogo. Paka tabaka jembamba kivulini, futa. Kupaka nyingi hakuongezi ulinzi, kunakuchosha kufuta. Usioshee sabuni ya unga wala ya vyombo, zinaiondoa.

Nunua dukani panapotolewa risiti ya EFD, ulipie kwa lipa namba yenye jina la duka, kamwe si kwa namba binafsi ya muuzaji. Kagua mfuniko kama umewahi kufunguliwa, maandishi yenye makosa ya herufi, na kopo lisilo na namba ya toleo. Harufu kali ya mafuta ya taa kwenye kitu kinachoitwa seramiki inatosha kukurudisha nyumbani.

Ukiwa umeshauziwa, usimwage kilichobaki. Piga picha chupa pande zote, hifadhi ujumbe wa malipo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Kwa gari lililosuguliwa kwa grinda, tafuta fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi. Kikisoma chini ya mikroni 80 kwenye bati, usikubali polishi tena hapo. Weka kinga pekee.

Na kama utapiga rangi, mwambie fundi mapema kuwa gari lilipakwa silikoni. Afute kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya kugusa msasa, abadilishe vitambaa mara kwa mara, kisha afute tena baada ya msasa. Akianza na msasa, anaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo ya msasa, na rangi mpya itajaa vishimo vya duara, yale mafundi wanayoyaita macho ya samaki, kazi yote irudiwe.