Sefu ya bunduki nilochongesha Mwanjelwa, naipa nyota nne

Wakuu, nilichongesha sefu ya shotigani kwa fundi mmoja wa kuchomelea pale Mwanjelwa, bati nene, kufuli mbili, inakazwa ukutani kabisa. Kazi safi ila kanizungusha wiki mbili na bawaba moja inalia balaa.

Watu wanadhani ni ya wezi, hapana, mi nilimuwaza dogo, tangu viazi vimdodee kule Uyole hapati usingizi, haongei, na bunduki ya kufukuzia nguruwe pori ilikuwaga uvunguni tu. Marekani huko zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni watu kujiua, na jeshi la Israel mwaka 2006 lilizuia askari kwenda na silaha nyumbani wikiendi, kujiua kukapungua kama 40%. Yani umbali tu, maana lile wazo mara nyingi linakuja linapita.

Mi ningetaka hata wanaotupa leseni waulize kwanza sefu iko wapi.

Funguo anazo mama watoto, risasi zipo kwa kaka. Dogo tumempeleka hospitali anaongea na daktari, juzi kacheka mpaka nikashtuka.