Karakana ya Kamukunji iliyonichomelea nyambizi

Nilipopeleka michoro ya nyambizi yangu ya mtu mmoja katika karakana ya jua kali huko Kamukunji, Nairobi, fundi aliikagua kwa makini, kisha akauliza swali lililonipa imani naye: itashuka mita ngapi? Nilimjibu kumi, kina ambacho maji huongeza mgandamizo wa takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Silinda ya chuma cha milimita 6 ilichomelewa vizuri mno. Dosari ilikuwa kwenye mdomo wa kifuniko, ambao ulipindwa na joto, mpira wa kuzuia maji ukakosa kukaa sawasawa, na tulipojaza upepo na kupaka maji ya sabuni, mapovu yakatoka. Waliurudia bila malipo. Dirisha la akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo), hata hivyo, litafutwe kwingine.