Maziwa Yaliyozimuliwa au Maji ya Chumvi na Sukari kwa Mtoto wa Paka Anayeharisha
Mtoto wa paka yatima anayeharisha kwa kulishwa kupita kiasi, kosa la kawaida kuliko walezi wanavyodhani, anaweza kupewa maziwa maalumu ya paka yaliyozimuliwa zaidi, au kubadilishiwa kwa muda maji maalumu yenye chumvi na sukari. Maji hayo hurudisha kilichopotea na kuupumzisha utumbo, lakini hayashibishi, na kwa kuwa mtoto mchanga ana akiba ndogo mno ya sukari mwilini, hayafai kuendelezwa bila daktari wa mifugo. Maziwa mepesi humpa walau lishe kiasi. Kwa mtoto ambaye bado ni mchangamfu, ningeanza nayo. Aliyepoa mwili apashwe joto kwanza, kwani tumbo lake halisagi chochote.