Chipsi za kibandani au githeri iliyochemshwa tayari?

Mtu wa kibarua anayerudi jioni Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, hanunui chipsi kwa ujinga. Zimeiva, zinashibisha papo hapo, na hazimlazimu kuwasha jiko. Githeri ni mahindi na maharagwe, na maharagwe makavu huchukua saa mbili au zaidi motoni, na makaa yake yanaweza kumgharimu kuliko maharagwe yenyewe. Hapo ndipo umaskini unapomsukuma mtu kwenye unene.

Gramu 200 za chipsi zina takriban kalori 600, kwa sababu gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9, ya wanga 4 tu. Protini ni kidogo, kwa hiyo njaa hurudi mapema. Tazama karai pia: mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, yamerudiwa mno. Achana nayo.

Gramu 300 za githeri zina kalori 400 hivi, na maharagwe hukaa tumboni muda mrefu. Kuhusu makaa, kina mama wa kando ya barabara huiuza ikiwa imechemshwa, kwa kikombe. Nyumbani kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya, kisha githeri na sukuma wiki. Dakika 15 zinatosha. Wengi huharibu hapa: humimina mafuta hadi yaelee, na faida yote hupotea. Ukichemsha mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na usitie nyanya mapema, maana uchachu wake huyafanya maharagwe yabaki magumu.

Siku ya chipsi, omba nusu sahani na kachumbari, bila soseji.