Uzoefu wangu: kiwanja cha ofa Nala, saruji mifuko 10 na "hati bure"

Dodoma ukisema "ofa" inabidi ufafanue. Kuna ofa ya kampuni za viwanja, ile ya punguzo na zawadi, na kuna ofa ya ardhi, barua ya toleo, ambayo wazee wa enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja hapa mjini, bado wanaitunza ndani ya nailoni chini ya godoro. Mimi nilinaswa na ya kwanza.

Kiwanja kiko upande wa Nala, mita za mraba 600, kila mita 9,000. Jumla 5,400,000. Tangazo lao lilikuwa na vivutio vinne: kulipa kwa miezi 12 bila riba, mifuko 10 ya saruji, hati bure, na laki mbili kwa kila mteja utakayemleta. Jumamosi Coaster ikatuchukua Nyerere Square, soda juu yao. Kijana wa mauzo aliitaja barabara ya mzunguko mara nyingi kuliko bei.

Niwape haki yao kwanza. Kiwanja kipo, bikoni zote nne za mipaka nimezishika kwa mkono, na nilipokwenda ofisi ya ardhi ya Jiji namba ya kitalu ilikutwa kwenye ramani. Kwa mji ambao kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu watatu, hilo si dogo.

Sasa hiyo "bila riba". Anayelipa taslimu alipewa punguzo la asilimia 15, yaani analipa 4,590,000. Mimi nilitoa kianzio cha 1,620,000 na kila mwezi 315,000 hadi zikafika 5,400,000 kamili. Siku moja, kikokotoo mkononi, nikaona kwamba ukianzia bei ya taslimu, nilikuwa nimebakiza deni la 2,970,000 tu, na nimelilipa 3,780,000. Laki nane na elfu kumi zimekwenda wapi? Hiyo ni zaidi ya asilimia 27 ya deni, kwa mwaka mmoja, na deni lenyewe lilikuwa linapungua kila mwezi. Mkopo wa mtumishi benki ungenigharimu chini ya nusu ya hapo. Riba ilikuwepo, ila ilivaa kanzu.

Saruji walitoa kweli. Tatizo walinipa Januari, mvua zinanyesha, na mimi sina hata msingi. Nikaipanga sebuleni kwenye nyumba ya kupanga, juu ya mbao, mke wangu akinuna. Mifuko minne iliganda ikawa mawe. Sita nilimuuzia fundi jirani kwa bei ya huruma.

Hati "bure" maana yake ni kwamba wao wanafuatilia bure. Tozo ya mbele (ile ya mara moja unapomilikishwa ardhi), kodi ya ardhi, usajili na ushuru wa stempu ni juu yako, na mkataba ulisema hivyo, ukurasa wa tatu, maandishi madogo. Kosa ni langu kutosoma. Hati yangu ilitoka baada ya miezi 14.

Kilichoniuma ni ile laki mbili. Nilimleta shemeji na mwenzangu wa kazini. Kumbe hulipwi mpaka uliyemleta amalize deni lote. Shemeji alimaliza, nikalipwa kwa simu siku hiyohiyo. Mwenzangu naye amemaliza, yangu nimepata, lakini yeye hati hajaiona mpaka leo. Kila saa nne tukikaa kwa chai ananiuliza, "Vipi bosi, wenzako wanasemaje?" Wenzangu! Nimekuwa dalali bila kujua, na laki zake nashindwa kuzila.

Na ukiambiwa "kitapanda, utauza", tunza risiti zote. Ukiuza, TRA wanachukua asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Usipokuwa na kumbukumbu za gharama, ni asilimia 3 ya bei uliyouzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hilo kwenye Coaster hawalisemi.

Nawapa nyota tatu: mbili za bikoni, moja ya kulipa kamisheni kwa wakati.

Juzi wamenitumia tangazo jipya, kiwanja upande wa Kikombo, safari hii zawadi ni bati. Nimewajibu WhatsApp: bati bakini nazo, nitajieni bei ya taslimu isiyo na zawadi. Mpaka naandika hapa, tiki mbili za bluu.