Chem 91: Kipandikizi Kinachostahili Sifa Zake
Miongoni mwa aina za bangi zinazoendelezwa kwa vipandikizi pekee, bado naipa nafasi ya kwanza Chem 91, ambayo inasimuliwa kuwa ilitokana na mbegu zilizokutwa ndani ya bangi iliyonunuliwa kwenye tamasha la bendi ya roki ya Grateful Dead jimboni Indiana, Marekani, mwaka 1991. Ukilivunja ua lake kwa vidole, harufu kali ya petroli hutangulia, kisha hufuata ukali wa pilipili manga, huku utomvu ukinata mikononi. Umbo lake halivutii sana, kwani matawi hurefuka na kuhitaji kuegemezwa. Kipandikizi hurithi pia maradhi ya mmea mama, kwa hiyo usipokee mche ambao haujapimwa viroidi ya hopsi, kiini cha maradhi ya mimea kilicho kidogo kuliko virusi, ambayo hudumaza mmea na kupunguza utomvu wenyewe unaotafutwa.