Kejeli za siasa na mahakama: podikasti inayofundisha hadi upande wake unaposhindwa

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikilipia podikasti moja ya kila wiki inayochambua siasa kwa vichekesho, na ambayo msimu wake wa karibuni umeshughulikia kesi za uchaguzi pekee. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina lawama nzito juu yake na sitaki ionekane ninalipa kisasi. Watangazaji wake hawafichi wanakoegemea: ni watu wa mrengo wa Raila Odinga, hulisema hilo mwanzoni mwa kila kipindi, nami niko nao. Uwazi huo naupenda.

Kipindi bora kuliko vyote ni kile cha hukumu ya 1 Septemba 2017, siku ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa urais wa 8 Agosti kwa majaji wanne dhidi ya wawili na kuagiza urudiwe ndani ya siku 60. Ubishi wa kisheria ulikuwa kwenye kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi: je, uchaguzi ubatilishwe pale tu kasoro zinapobadili matokeo, au yatosha kwamba uliendeshwa kinyume cha misingi ya Katiba na sheria? Majaji walio wengi walishika la pili. Watangazaji wanalieleza jambo hili kwa igizo la dakika nne. Mwanafunzi amekamatwa na mwakenya, yaani karatasi ya kuibia mtihani, soksini, naye anamsihi msimamizi asimfutie mtihani, kwa kuwa hata bila karatasi ile angepata alama zizo hizo. Msimamizi anamjibu kwa upole: "Mwanangu, sijakuuliza umepata ngapi. Nimekuuliza umezipataje." Nilicheka, kisha nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, maana hoja kwamba uchaguzi ni mchakato na si tukio la siku moja imekaa mlemle ndani ya mzaha. Mfano wenyewe una upungufu, kwani mahakama haikumtia hatiani mgombea aliyetangazwa mshindi. Lawama iliiangukia tume ya uchaguzi. Watangazaji walilisema hilo wenyewe mara tu igizo lilipokwisha.

Cha Malawi kinakikaribia. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walibatilisha uchaguzi wa urais wa Mei 2019, ambao baadhi ya fomu zake za matokeo zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia makosa. Wino huo ni mteremko kwa mchekeshaji yeyote, lakini watayarishaji hawakuishia kwenye kichupa. Wanamleta karani wa kuigiza anayeeleza kwa nini tarakimu iliyokosewa hukatwa kwa mstari na kutiwa saini, ili anayekuja nyuma aweze kuiona ile ya kwanza. Halafu utani wanauacha kabisa wanaposimulia jinsi majaji walivyofika mahakamani chini ya ulinzi wa jeshi, wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi. Niliwaheshimu kwa kunyamaza pale.

Kipindi cha Uingereza ni hafifu. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo waliamua kwa kauli moja kwamba ushauri aliopewa Malkia wa kusitisha vikao vya Bunge ulikuwa kinyume cha sheria, lakini nusu ya muda imetumika kwa bruchi ya buibui aliyovaa rais wa mahakama hiyo, Brenda Hale. Msikilizaji anaondoka na buibui tu.

Lawama yangu hasa ni juu ya kipindi cha hukumu ya 5 Septemba 2022. Siku hiyo majaji wote saba wa Mahakama ya Juu ya Kenya walithibitisha ushindi wa William Ruto dhidi ya Odinga, na lugha yao ilikuwa kali, hata baadhi ya madai ya walalamikaji yakaonekana kuwa upepo mtupu. Ukali huo ulistahili kuhojiwa, hata kuchekwa. Badala yake tulipewa nusu saa ya kuigiza sauti za majaji, na mlio wa sarafu zikimwagika kila jina lilipotajwa, bila ushahidi wowote na bila kusoma hata aya moja ya hukumu. Haikutajwa kwamba mahakama iliamuru masanduku ya baadhi ya vituo yafunguliwe na kura zihesabiwe upya. Haikutajwa kwamba watatu kati ya wale wanne waliosifiwa kwa ushujaa wa 2017, yaani Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola, walikuwa miongoni mwa hao saba. Sarafu zile ziliniumiza, kwa sababu katika kipindi cha 2017 watangazaji hawa hawa walimkemea Rais Uhuru Kenyatta kwa kuwaita majaji wakora, wakasema, na walisema kweli, kwamba mahakama haina jeshi wala hazina, na inategemea aliyeshindwa akubali kutii. Mwaka 2022 nilikuwa miongoni mwa walioshindwa. Nilikuwa na hasira, na katika hasira ile nilimhitaji mtu wa kunieleza sababu za majaji, si wa kunichochea.

Sauti ni safi na vipindi havichelewi. Nimelipia msimu ujao, na nimewaandikia kuwaomba wakirudie kipindi cha 2022 kwa utaratibu walioutumia kwa Malawi: hukumu isomwe kwanza, mzaha utungwe baadaye. Anayejiunga leo aanze na mtihani wa 2017, aende Malawi, na akifika 2022 awe na muhtasari wa hukumu mkononi.